Maziwa ya Manjano: Kikombe, Kipimo na Saa Yake

Somo kwa wahudumu wa afya na wagonjwa

Utangulizi

Kilambo ni kijiji kilicho ukingoni mwa Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, pale barabara itokayo mjini inapokoma kwenye maji na msafiri anapongoja kivuko cha kwenda Msumbiji. Ukiufuata mto kuelekea mashariki, utaingia katika mikoko na mchanga wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hii ni nchi ya minazi, mikorosho, mpunga na samaki. Ng'ombe, kwa upande wake, hawakuwahi kuwa wengi katika ukanda huu wa kusini mashariki, na sababu mojawapo ya kale ni mbung'o na ugonjwa wa nagana wanaoueneza. Kwa hiyo mtu wa Kilambo anaposikia sifa za kinywaji cha maziwa yaliyochemshwa na manjano na viungo, swali lake la kwanza ni la haki kabisa: maziwa yapi?

Kinywaji chenyewe asili yake ni Bara Hindi, ambako kwa muda mrefu akina mama wamekuwa wakiwapa watu wa nyumbani mwao nyakati za mafua, kikohozi na uchovu. Siku hizi kimeenea duniani kote, na sifa zake zimeenea kwa kasi kuliko mapishi yake. Husemwa kwamba hushusha presha, huponya viungo, huongeza damu, hutibu homa na kuzuia saratani. Mhudumu wa zahanati hukutana na sifa hizo mlangoni, zikiwa zimeandamana na mgonjwa.

Somo hili lina mambo mawili. La kwanza ni namna ya kutayarisha kinywaji hiki nyumbani kwa usalama, kwa maziwa ya ng'ombe au kwa tui la nazi. La pili, ambalo ndilo kiini chake, ni mahali pa kikombe hicho katika siku ya mtu anayetumia dawa. Kikombe kilekile kinaweza kuisaidia dawa moja, kuidhoofisha nyingine, na kumdhuru mgonjwa kikiwekwa badala ya dawa ya tatu. Baada ya kusoma, mhudumu aweze kutoa ushauri bila kumkatisha mtu tamaa, na mgonjwa aweze kufurahia kinywaji chake bila kujidhuru.

Manjano ni nini

Manjano ni mmea wa jamii ya tangawizi; wataalamu wa mimea huuita Curcuma longa. Sehemu itumikayo ni shina lake nono lilalo ardhini, ambalo huchemshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa unga. Hapa nchini hulimwa Zanzibar, Tanga na Morogoro, na unga wake huuzwa karibu kila soko. Watu wa Pwani wameujua tangu zamani: hutiwa katika mchuzi, na hupakwa mwilini mwa biharusi.

Jina lake linahitaji uangalifu. Wengi wa bara huita manjano “binzari”, lakini kwa wengine neno hilo, au “bizari”, humaanisha mchanganyiko wa viungo vya mchuzi, na “bizari nyembamba” ni kiungo kingine kabisa. Mgonjwa akisema anatumia binzari, mwombe aje na kifurushi chake au akieleze rangi yake kabla hujaandika lolote.

Rangi ya manjano hutokana na kundi la kemikali ambazo mashuhuri kati yake ni kurkumini. Katika unga wa kawaida, kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito. Hupenya kwa shida kutoka utumbo kwenda katika damu, huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji, na ini huibadilisha na kuitoa upesi. Hapo ndipo ilipo hekima ya mapishi ya kale: mafuta ya maziwa huiyeyusha, na pilipili manga huchelewesha kuondolewa kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, kemikali iliyomo katika pilipili manga, zilipotolewa pamoja na gramu 2 za kurkumini, kiasi kilichofyonzwa kiliongezeka kwa asilimia 2000. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba ongezeko kubwa juu ya kiasi kidogo sana bado linaweza kuwa kiasi kidogo.

Kutayarisha kwa maziwa ya ng'ombe

Vipimo vifuatavyo vinamtosha mtu mzima mmoja:

Maziwa, kikombe kimoja (robo lita).
Maji, nusu kikombe.
Unga wa manjano, nusu kijiko cha chai.
Tangawizi mbichi iliyomenywa na kupondwa, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba.
Mdalasini, kijiti kifupi.
Iliki, punje mbili zilizopasuliwa.
Pilipili manga iliyosagwa, kiasi cha kubana kwa vidole viwili.
Sukari au asali kidogo, kwa asiyekatazwa.

Kwanza, chemsha maji pamoja na tangawizi, mdalasini na iliki kwa dakika tano. Usitie tangawizi mbichi moja kwa moja ndani ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na mpishi asiyejua hudhani maziwa yameharibika. Mchemko wa mwanzo huua nguvu ya kimeng'enya hicho.

Pili, koroga manjano na pilipili manga kwa maji kidogo mpaka upate uji mzito usio na madonge, kisha utie sufuriani.

Tatu, mimina maziwa na uyaache yachemke sawasawa huku ukikoroga. Maziwa mabichi ni lazima yafikie mchemko kamili. Kuyapasha moto hakutoshi, kwa kuwa yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yakishachemka, punguza moto na uache viungo viive kwa dakika tano zaidi. Kuchemsha kwa muda mrefu sana hakuongezi faida. Joto jingi hupunguza kurkumini.

Nne, chuja, acha yapoe kiasi, kisha unywe. Asali itiwe mwishoni, kinywaji kikiwa vuguvugu. Usiyaweke yakalala; katika joto la Pwani, kinywaji cha maziwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Anayetumia maziwa ya unga ayakoroge kwa maji yaliyochemshwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kisha afuate hatua zilezile.

Kutayarisha kwa tui la nazi

Kwa nyumba nyingi za Kilambo, Msimbati na vijiji vingine vya mwambao, nazi iko karibu kuliko ng'ombe. Mapishi ni yaleyale, isipokuwa mahali pa maziwa tia robo kikombe cha tui zito la mkamuo wa kwanza, pamoja na robo tatu ya kikombe cha maji safi. Chagua nazi nzima isiyo na harufu ya uchachu, kwa maana nazi mbovu harabu ya nzima. Osha mikono, mbuzi na chujio kabla ya kukuna na kukamua.

Tui lina adabu zake. Viungo viive kwanza katika maji yote, kisha tui liingie mwishoni, kwa moto mdogo, likikorogwa kwa kuteka na kumimina mpaka litokote. Ukilifunika au ukiliachia moto mkali, litakatika na mafuta yatajitenga. Tui lililokatika si sumu, lakini halinyweki vizuri. Kinywaji cha tui kinywewe siku hiyo hiyo kilipopikwa, kikiwa bado na moto.

Tui linaiyeyusha kurkumini vizuri, kwa kuwa lina mafuta mengi. Tena halina laktosi, ile sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi wa Afrika hushindwa kuisaga, wakapata tumbo la gesi na kuharisha. Hata hivyo tui si maziwa. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina takriban miligramu 300 za kalsiamu na gramu 8 za protini. Gramu 100 za tui zito zina takriban miligramu 16 tu za kalsiamu na gramu 2 hivi za protini, na mafuta yake, ambayo hufikia gramu 20 na zaidi, kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoganda. Mama asihesabu kikombe cha tui kuwa ndiyo maziwa ya mtoto wake, na mwenye lehemu nyingi katika damu asikifanye kuwa cha kila siku.

Kuchagua manjano salama

Rangi nzuri huuza, na penye kuuza kwa rangi hujitokeza udanganyifu. Nchini Bangladesh, watafiti waligundua kwamba wafanyabiashara walikuwa wakipaka manjano kromati ya risasi ili yang'ae. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikutwa na risasi. Baada ya Serikali kutoa elimu, kupima na kuwatoza faini wahusika, kufikia mwaka 2021 hakuna sampuli iliyokutwa nayo. Kisa hiki kina mafunzo mawili: hatari ipo, na inaweza kuondolewa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo, ukipata manjano mabichi, yatumie hayo; kipande cha urefu wa pingili moja ya kidole, kilichooshwa, kumenywa na kupondwa, kinatosha kikombe kimoja. Ukinunua makavu yasiyosagwa, yakatae yanayoacha vumbi la rangi kali mkononi unapoyasugua, kisha osha, anika na utwange mwenyewe. Ukinunua unga, chukua uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula nchini. Macho pekee hayatoshi kutambua risasi. Kazi hiyo ni ya maabara.

Kikombe kimoja kina dawa kiasi gani

Hapa tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayotenganisha chakula na dawa.

Nusu kijiko cha chai cha unga wa manjano ni takriban gramu moja na nusu. Asilimia 3 ya hapo ni miligramu 45 za kurkumini. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa wagonjwa, kama yale ya maumivu ya goti, yalitumia dondoo lililokolezwa lenye miligramu 500 hadi 1500 kwa siku. Ili kufikia hata kiwango cha chini cha majaribio hayo, mtu angelazimika kunywa vikombe kumi na kimoja kila siku.

Sasa tuangalie upande wa pili. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani imeweka kiwango kinachokubalika cha kurkumini kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni miligramu 180, yaani vikombe vinne. Kwa maneno mengine, mtu atakivuka kiwango hicho muda mrefu kabla hajafikia kipimo cha majaribio. Kikombe cha nyumbani hakigeuki dawa kwa kuongezwa idadi.

Na dondoo lenyewe je? Baadhi ya majaribio madogo yameonyesha nafuu kiasi kwa maumivu ya goti. Lakini mapitio mapana yaliyotolewa mwaka 2017 katika Journal of Medicinal Chemistry yalihitimisha kwamba, pamoja na majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, hakuna jaribio la kulinganisha kurkumini na kidonge kisicho na dawa, ambalo mgonjwa na mtafiti wote hawakujua nani kapewa nini, lililokuwa limefaulu. Upande wa madhara una ushahidi wake pia. Mwaka 2019 mamlaka za Italia zilitoa tahadhari baada ya watu kadhaa kupata homa ya ini waliyoihusisha na vidonge vya manjano. Vidonge hivyo si sawa na kikombe cha jikoni, na sifa au lawama za kimoja zisihamishiwe kwa kingine.

Kinachobaki kwa kikombe ni kitu cha kweli, ingawa ni kidogo kuliko sifa zake: joto linalotuliza koo katika miezi ya baridi ya kusi, maji kwa mwili wenye mafua, chakula kwa aliyepoteza hamu ya kula na, kikiwa cha maziwa ya ng'ombe, protini na kalsiamu. Hayo yanatosha kukipenda.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi wa miaka sitini na kitu amemsindikiza mjukuu wake, mwenye mimba ya miezi mitano, kliniki ya zahanati. Muuguzi ni kijana.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Habari za nyumbani?”

“Njema. Ila huyu mtoto kizunguzungu hakimwachi.”

“Vidonge vya damu anameza?”

“Kila usiku. Namchemshia mwenyewe maziwa ya manjano, anavimezea humo humo, ili damu iongezeke upesi.”

“Na wewe bibi, dawa zako za presha?”

“Hizo nimezipumzisha. Tangu nianze manjano, kichwa hakiniumi.”

Katika maneno hayo machache mna matatizo mawili, na hakuna hata moja lililotokana na uzembe. Bibi ametoa alichokuwa nacho, kwa upendo, kila usiku. Muuguzi akimkaripia, atapoteza mtu pekee anayehakikisha kwamba mjamzito huyu anameza vidonge vyake.

Tatizo la kwanza ni la saa. Kalsiamu ya maziwa huzuia ufyonzwaji wa madini chuma vinapokutana tumboni. Mjukuu amemeza kila kidonge na bado amepata sehemu tu ya faida yake. Manjano yenyewe, kwa kiasi cha jikoni, hayaonekani kuwa mkosaji mkubwa: utafiti uliofanywa na wanawake nchini Thailand ulionyesha kwamba nusu gramu ya manjano katika mlo haikupunguza ufyonzwaji wa chuma, ilhali pilipili kali iliupunguza. Kwa vipimo vikubwa vya vidonge, hata hivyo, imewahi kuripotiwa kwamba mgonjwa aliishiwa chuma mwilini, akapata nafuu baada ya kuviacha.

Tatizo la pili ni la badala, nalo ni zito zaidi. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi kichwa wala mahali popote. Kutoumwa kwa bibi hakusemi lolote kuhusu mishipa ya ubongo, moyo na figo zake. Kifaa cha kupimia ndicho kinachosema, na anayeacha dawa kwa kuwa anajisikia vizuri huweza kupata kiharusi bila dalili ya kumtahadharisha.

Muuguzi wetu akajibu hivi: “Bibi, mkono wako wa mapishi tunauhitaji. Maziwa tusiyaache, tubadilishe saa tu. Vidonge vya damu mjukuu avimeze usiku kwa maji, au kwa maji ya machungwa au ya limau, kwa sababu hayo huvisaidia. Maziwa ampe alasiri, yaachane na vidonge kwa saa mbili au zaidi. Leo tutampima damu tujue kizunguzungu kimetoka wapi. Na wewe ukae hapa nikupime presha kabla hujaondoka.”

Bibi akipimwa na kuonyeshwa namba zake mwenyewe, ana sababu ya kurudia dawa isiyokuwa ya kumwogopa muuguzi.

Kikombe na dawa

Dawa mseto ya malaria (ALu). Hapa kikombe ni rafiki. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Mlo wenye mafuta huongeza ufyonzwaji wake hadi mara 16. Mgonjwa wa malaria asiyeweza kula anaweza kumeza kila dozi kwa kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, au kwa kinywaji cha tui. Amalize dozi zote sita katika siku tatu, hata homa ikishuka siku ya kwanza. Ila homa ipimwe kwanza. Kikombe kisimcheleweshe mtu kufika penye kipimo, hasa mtoto na mjamzito.

Vidonge vya madini chuma. Vitengwe na maziwa kwa saa mbili au zaidi, na vivyo hivyo na chai ya majani. Kinywaji cha tui hakina kalsiamu ya kutosha kuleta tatizo hili, lakini maji na tunda chachu bado ni bora.

Siprofloksasini na dawa za kundi la tetrasaiklini. Kalsiamu huzifunga dawa hizi zisifyonzwe. Mgonjwa azimeze kwa maji, saa mbili kabla ya maziwa, au angoje saa kadhaa baada ya kuyanywa, kama atakavyoelekezwa na mfamasia.

Warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa wa warfarini kuanza bidhaa ya manjano na damu yake kuwa nyepesi kwa kiwango cha hatari. Mwenye dawa hizi asianze vidonge vya manjano, na asibadilishe ghafla mazoea yake ya jikoni bila kumweleza daktari.

Fenitoini, dawa ya kifafa. Piperini huweza kupandisha kiwango chake katika damu. Mgonjwa wa kifafa apike kinywaji hiki bila pilipili manga.

Dawa za presha, kisukari, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Kikombe kisiwe sababu ya kuacha hata dozi moja. Mwenye kisukari anywe bila sukari wala asali, akikumbuka kwamba maziwa yenyewe yana sukari. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hata kikitulizwa na tangawizi na manjano, apimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo.

Wanaopaswa kujihadhari

Mtoto chini ya miezi sita hapewi chochote ila maziwa ya mama. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu.

Mwenye mawe katika kifuko cha nyongo aepuke kinywaji hiki, kwani kurkumini hukikaza kifuko hicho na inaweza kuamsha maumivu makali. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti apunguze manjano, kwa kuwa yana oksaleti nyingi. Mjamzito anaweza kutumia manjano kwa kiasi cha chakula. Vidonge na dondoo asitumie. Anayetarajia upasuaji amweleze daktari kila anachotumia. Na yeyote anayeona macho yake yamegeuka manjano, mkojo umekuwa mweusi au mwili unawasha bila upele, aache vidonge vya manjano na afike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maswali manne ya mhudumu

Swali “Unatumia dawa za kienyeji?” hujibiwa “hapana” na watu wengi, kwa kuwa kikombe cha jikoni hawakihesabu kuwa dawa, na kwa kuwa wanaogopa kukemewa. Uliza hivi badala yake:

1. Nyumbani mnakunywa nini mtu akiugua?
2. Mnatia nini humo, na mnanunua wapi?
3. Mnakunywa saa ngapi, na dawa mnameza saa ngapi?
4. Tangu mwanze, kuna dawa yoyote mliyoipumzisha?

Swali la nne ndilo linalookoa maisha. Liulizwe kwa sauti ileile ya swali la kwanza.

Zoezi la kujipima

1. Kwa nini tangawizi mbichi huchemshwa katika maji kabla ya maziwa kutiwa?
2. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, na nyumbani kuna nazi tu. Utamshauri amezeje ALu?
3. Mama anampa mtoto wa miaka miwili kikombe cha tui chenye manjano kila asubuhi badala ya maziwa. Anakosa nini?
4. Mzee anasema presha yake imepona kwa sababu kichwa hakimuumi. Utaanzia wapi?

Majibu: (1) Ili kuua nguvu ya kimeng'enya kinachogandisha maziwa. (2) Ameze kila dozi pamoja na kinywaji cha tui au uji uliotiwa tui, na amalize dozi zote sita. (3) Anakosa kalsiamu na protini. Ahitaji maziwa halisi au vyakula kama dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mayai na kunde. (4) Kwa kumpima na kumwonyesha namba zake, kisha kuuliza ni dawa gani aliyoiacha na lini.

Hitimisho

Maziwa ya manjano ni chakula chema kikipikwa kwa usafi, kwa manjano yasiyochakachuliwa, kwa nusu kijiko cha unga, na kikinywewa kwa saa yake. Mgonjwa hahitaji kuchagua kati ya sufuria ya bibi na kidonge cha zahanati. Anachohitaji ni mtu wa kumpangia saa za vyote viwili, na mtu huyo mara nyingi atakuwa wewe, mhudumu, mezani pako asubuhi ya siku ya kliniki. Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa: siku ya kurudi kliniki, taja kikombe chako kama unavyozitaja dawa zako.